Baji akivuja damu, usikimbilie kung'oa unyoya

Wewe uliye jikoni, wewe uliyekwama kwenye foleni ya magari, na wewe uliyefungua redio sasa hivi, karibuni nyote. Leo tunazungumza juu ya bajirigari, wale kasuku wadogo wa kijani, wa njano na wa buluu ambao wengi wetu tunawaita baji tu. Na tutazungumza juu ya jambo linalomtoa mfugaji jasho kuliko mengine yote, nalo ni damu.

Nianze na swali. Umeamka, umefunua tundu, umekuta matone mekundu kwenye karatasi ya chini. Nyaya zina madoa, ukuta umerukiwa, na ndege wako ana bawa moja limelowa. Utafanya nini?

Wafugaji wengi wana jibu tayari. Watakwambia: ni unyoya wa damu umevunjika, ung'oe. Jibu hilo halikuzuka tu. Vitabu vingi vya zamani vya ufugaji viliandika hivyohivyo, na wafugaji wakarithishana. Leo nakuomba uliweke kando kidogo. Kung'oa kupo, na nitakueleza lini. Lakini si hatua ya kwanza, na mara nyingi hata hakuhitajiki. Hatua ya kwanza ni kutazama. Ya pili ni kubana. Shika hayo mawili, kutazama na kubana, kwa sababu nitayarudia.

Tuuone kwanza unyoya wenyewe. Umewahi kunyonyoa kuku aliyekuwa anabadili manyoya? Basi unavikumbuka vile vijiti vifupi vyeusi vinavyong'ang'ania kwenye ngozi, ambavyo ukivibana vinatoa majimaji ya damu na kukuchafua vidole. Hayo ndiyo manyoya ya damu. Unyoya unaochipua lazima ulishwe, na ndani ya shina lake mna mishipa inayopeleka damu kule unakoendelea kujengwa. Kwa nje umevikwa ala nyembamba ya keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Ukikomaa, damu inarudi mwilini, shina linabaki kavu na tupu, na ala inapukutika vipande vidogo vyeupe ndege anapojichambua kwa mdomo. Ukiona vumbi jeupe chini ya tundu wakati baji anabadili manyoya, sehemu yake ni hizo ala.

Kwa hiyo unyoya uliokomaa ukivunjika, hautoi damu wala haumuumizi ndege. Ule mchanga ukivunjika, shina linakuwa mrija ulio wazi: upande mmoja uko mwilini, upande wa pili uko hewani. Manyoya ya kifuani ni madogo na hayana neno kubwa. Yanayotupa shida ni yale marefu ya bawa na ya mkia, kwa sababu mashina yake ni mapana na damu yake ni nyingi zaidi.

Sasa, damu nyingi ni kiasi gani kwa ndege huyu? Baji mzima ana uzito wa gramu 30 hadi 40. Damu yake yote ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani mililita 3 au 4. Kijiko cha chai hakijai! Ndiyo maana hatuwezi kukaa tu na kusema itapona yenyewe, huku damu inadondoka mbele ya macho yetu. Lakini kuna upande wa pili pia. Tone moja likirushwa na bawa linalopigapiga linaweza kutapakaa tundu zima. Kwa hiyo usipime hatari kwa madoa ya ukutani. Mpime ndege.

Na hapa ndipo penye kutazama. Simama hatua mbili kutoka kwenye tundu, usilitikise, usipige kelele. Jiulize: damu bado inadondoka, au imeshakauka? Ndege amekaa kwenye kijiti chake, macho yako wazi, anakula, anajichambua? Kama damu imekauka na ndege ana nguvu zake, basi kazi imeshafanyika bila wewe. Damu imeganda ndani ya shina na kuziba. Hapo, msikilizaji, ukiingiza mkono kumkamata ili umkague, atahangaika, moyo utaenda mbio, bawa litapiga nyaya, na lile bonge la damu litatoka. Utakuwa umefungua kidonda kilichokuwa kimefunga. Mwache. Mtazame kwa saa kadhaa, mpunguzie mwanga, basi.

Lakini ukiona damu bado inatoka, usingoje. Mwambie mtoto azime televisheni. Funga dirisha na mlango, zima pangaboi. Chukua taulo ndogo au kanga laini, mfunike ndege kwa mkono mmoja, mtoe taratibu. Na sasa sikiliza vizuri, kwa maana jambo hili limeua ndege waliokuwa na kidonda kidogo tu: usimbane kifua. Ndege hana kile kiwambo kinachotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kutanua na kurudisha kifua chake. Ukikishika kwa nguvu, hata kwa huruma, unamziba pumzi. Mshike kichwa kwa vidole viwili, kimoja kila upande wa taya, mgongo wake ukae kwenye kiganja chako, na kifua kiwe huru.

Kisha tafuta damu inatoka wapi. Usidhani tu kwamba ni unyoya. Ukucha uliokatika hutoa damu. Mdomo ukijeruhiwa hutoa damu. Ngozi iliyodonolewa na mwenzake hutoa damu. Tanua bawa polepole, tazama chini yake, tazama mkia. Unyoya wa damu utautambua kwa shina lake jeusi au la zambarau, lililopinda au lililokatika, na tone linalojikusanya pale palipovunjika.

Ukishaupata, weka kipande cha shashi safi, au kitambaa safi cha pamba, ubane pale kwa vidole viwili. Bana kwa uthabiti, ila usiponde. Kisha subiri. Dakika mbili, tatu, hata tano. Hapa watu hushindwa na subira: wanabana sekunde kumi, wanafunua kuchungulia, wanabana tena, wanachungulia tena. Kila ukichungulia unaanza upya. Tazama saa ya ukutani, mwache ndege akung'ate kidole akitaka, wewe endelea kubana.

Kama una unga laini wa mahindi, ule wa wanga tunaokoroga nao mchuzi ili uwe mzito, chovya kidogo upake pale pale unyoya ulipovunjika, kisha ubane. Unga wa ngano pia unafaa ukikosa huo. Unasaidia damu kuganda, na akilamba haumdhuru. Ule unga maalumu wa kukomesha damu unaouzwa kwa ajili ya kucha, uache uwe wa kucha. Ukiingia kwenye ngozi au kwenye kijitundu unamoota unyoya, unachoma na kuharibu nyama.

Je, vipi kahawa? Naliuliza mwenyewe kabla hamjaniuliza, maana najua. Katika nyumba nyingi mtu akijikata, jambo la kwanza ni unga wa kahawa juu ya kidonda. Kwa baji, hapana kabisa. Chochote unachopaka kwenye unyoya, ndege atakichambua kwa mdomo na kukimeza, na kafeini ni sumu kwa ndege. Tumbaku vilevile. Mafuta ya nazi, vaselini na krimu za kidonda hazifai, kwa sababu manyoya yakishashikana kwa mafuta hayawezi tena kumtunzia joto. Na usimpe kipande cha panado ya watu, hata kidogo namna gani.

Sasa twende kwenye kung'oa. Hapa nataka tukae kidogo.

Kwa nini watu waling'oa? Mantiki yake si mbaya. Shina lote likitoka, ngozi ya kile kijitundu inajifunga, ukibana kidogo damu inakatika. Hilo ni kweli. Lakini unyoya mrefu wa bawa haukushikwa na ngozi peke yake. Mzizi wake umeshikamana na mfupa wa bawa, na mfupa wa ndege wa gramu 35 ni mwembamba kupita kiasi. Mkono usiozoea ukivuta kwa kupinda, unaweza kuuvunja. Tena ni maumivu makali, kwa ndege ambaye ameshapoteza damu na ameshaogopa. Tena kijitundu kikichanika, damu huweza kutoka kwa wingi kuliko mwanzo, na sasa hakuna shina la kubana. Na baadaye unyoya unaoota mahali palipoharibika huweza kujikunja chini ya ngozi na kufanya uvimbe. Ndiyo sababu siku hizi madaktari wengi wa ndege wanasema: damu ikisimama, uache unyoya mahali pake. Kisiki kitakauka, na wakati wa kubadili manyoya kitaanguka chenyewe.

Mimi naona tatizo letu kubwa ni kwamba kunyonyoa tumekuzoea. Karibu kila mtu hapa amenyonyoa kuku. Lakini kuku yule alikuwa amekufa, na alikuwa ametiwa kwenye maji ya moto. Mkono ule usiupeleke kwa baji aliye hai.

Basi, kung'oa ni lini? Ni pale ambapo umebana ipasavyo, umerudia, na damu bado inarudi. Au imesimama lakini kila ndege akikunjua bawa inafunguka upya. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo. Yeye ana koleo lenye meno ya kushika shina karibu kabisa na ngozi, anajua kuushikilia mfupa kwa vidole vya mkono wa pili, na kuvuta mara moja, moja kwa moja kufuata upande unakoelekea unyoya, bila kuzungusha, kisha kubana pale penye kijitundu. Nimekueleza ili ujue anachofanya, na ili ujue kwa nini kibanio chako cha nyusi si chombo cha kazi hiyo.

Najua utasema, daktari gani? Kwetu daktari wa mifugo ni wa ng'ombe na kuku. Ni kweli kwa miji mingi. Lakini usingoje siku ya damu ndipo uanze kuuliza. Wiki hii, pita kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe, uulize nani anatibu ndege, uandike namba yake ubandike kwenye friji. Hata afisa mifugo aliyezoea kuku anajua kumshika ndege na kukomesha damu kuliko jirani mwenye ujasiri mwingi.

Kwa waliochelewa kufungua redio: tunazungumza juu ya baji aliyevunjika unyoya wa damu. Tumesema, tazama kwanza. Damu imekauka na ndege ana nguvu? Usimguse. Damu inatoka? Mshike bila kubana kifua, tafuta mahali, bana kwa shashi dakika kadhaa bila kuchungulia. Imegoma kusimama? Nenda kwa daktari. Kung'oa mwenyewe, hapana.

Damu ikishasimama, ndege anahitaji utulivu kuliko anavyohitaji mapenzi yako. Muweke peke yake, kwenye tundu dogo au boksi lenye matundu ya hewa, kwa sababu wenzake wakiona damu wataidonoa. Kijiti cha kukalia kiwe chini, toa pembea na kengele. Chakula na maji viwe karibu na mdomo wake, lakini usimmiminie maji kinywani, yatampalia. Mwanga uwe hafifu. Joto? Kama uko Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, joto lipo la kutosha. Kama uko Njombe au Limuru mwezi wa Julai, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, iweke upande mmoja tu wa tundu, ili akitaka asogee na akichoka ajitenge nayo. Madoa kwenye manyoya mengine yasikuharakishe. Utayasafisha kesho au keshokutwa, na pale palipovunjika usipasugue kabisa.

Muda huo wote mtazame kwa mbali. Baji ni ndege anayewindwa, na anayewindwa huficha udhaifu wake. Ukimkuta amejituna, amefumba macho mchana, ameshuka kukaa sakafuni mwa tundu, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, miguu imepauka, huo si usingizi. Ni dharura. Vilevile kama paka ndiye aliyemgusa, hata ukiona kidonda kidogo mno, mpeleke siku hiyo hiyo. Mate ya paka yana bakteria wanaoweza kumuua ndege, hata kama damu ilikatika zamani.

Tuulize sasa: unyoya ulivunjikaje? Mara nyingi jibu ni usiku. Asili ya baji ni nyika kavu za Australia, wanakoruka kwa makundi makubwa, na hatari ikitokea wote huondoka kwa pamoja bila kuulizana. John Gould aliwapeleka Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezaliana kwenye matundu ya watu dunia nzima. Hofu yao wamekuja nayo. Kwa hiyo saa nane za usiku panya akipanda tundu kufuata mtama, au paka akitua dirishani, au umeme ukakatika halafu jenereta ya jirani ikanguruma, baji mmoja anaruka gizani na wote wanamfuata, wanajipiga kwenye nyaya. Asubuhi unakuta damu. Acha taa ndogo sana iwake usiku, hata ya sola. Funika tundu pande tatu, upande mmoja uache wazi. Mabaki ya chakula yaondoe jioni, panya akose sababu ya kuja. Na ukisikia fujo usiku, usiwashe taa kubwa kwa ghafla, ongea nao taratibu mpaka watulie.

Chanzo kingine tunakileta wenyewe: mkasi. Watu hukata mabawa ili ndege asitoroke. Kuna anayekata shina lenye damu bila kutazama, akashtuka. Lakini madhara makubwa zaidi huja baadaye, na wengi hawayafikirii. Unyoya mchanga wa bawa kwa kawaida huota katikati ya majirani wake walioshakomaa, nao wanaukinga kila bawa linapogonga kitu. Ukikata majirani wote, unyoya mpya unaota peke yake, umesimama wazi. Baji huyo huyo hawezi kuruka vizuri, anaanguka, na anapoanguka anavunja unyoya ule ule mpya. Unaota mwingine, nao unavunjika. Nimewasikia watu wakilaumu tundu, wakilaumu mbegu, wakilaumu hata jirani mwenye jicho baya. Kwa ndege wa namna hiyo mimi ningeutazama mkasi kwanza.

Na kama una makinda, na unaona manyoya ya bawa na mkia yanaanguka moja baada ya jingine, mashina yana damu iliyovilia ndani, na kinda anakimbia sakafuni badala ya kuruka, hiyo si ajali. Kuna virusi vinavyoharibu manyoya ya baji wachanga, na vinaambukiza. Usimuuze, usimchanganye na wengine, muone daktari.

Chakula nakitaja kwa ufupi. Mtama mtupu mwaka mzima haujengi unyoya imara. Ongeza mchicha, sukuma wiki, karoti, na yai la kuchemsha kidogo wakati wa kubadili manyoya. Walio pwani, ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni ni mzuri kwa madini ya chokaa. Uoshe, ukaushe juani, uning'inize. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake.

Limebaki swali moja ninaloulizwa kila mara: unyoya utarudi? Ulioachwa ukiwa kisiki utangoja mpaka zamu yake ya kupukutika, na hapo utaota mpya. Ulioondolewa na daktari, na kijitundu hakikuumia, huanza kuchipua mapema zaidi, pengine ndani ya wiki chache, na utauona kwanza kama kile kijiti cheusi tulichoanza nacho. Katika siku hizo usimruhusu mtoto kumtoa acheze naye, na vitu vyenye ncha viondoe tunduni, maana huo nao ni unyoya wa damu mpaka utakapokomaa.

Muda wetu umekwisha, na fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kucha za baji: zikatwe lini, na zikatwe mpaka wapi. Mwenye swali atutumie. Kwaherini.